Hao Mbwa Mwitu ni wa Wapi?

Ukumbi ulikuwa Igoma, hapa Mwanza, shughuli ya kumuaga mwalimu mkuu aliyestaafu. Pilau ilishaliwa, soda za pili zilikuwa zinazunguka, na mimi mwenye maiki nilikuwa nimefika mahali ninapopapenda kuliko pote katika sherehe za kuaga. Nikamkonyeza kijana wa projekta. Picha ikatokea ukutani: theluji tupu, na mstari mrefu wa wanyama wanapita mmoja nyuma ya mwingine kama siafu.

"Mnaowaona pale mbele," nikasema kwa ile sauti yangu ya chini, "ni wazee na wagonjwa. Hao ndio wanaopanga mwendo, ili asiachwe mtu. Nyuma yao wenye nguvu. Katikati familia. Na yule wa mwisho kabisa, aliye peke yake, ndiye kiongozi. Anakaa nyuma ili awaone wote. Ndugu zangu, mwalimu wetu huyu..."

Sikumaliza. Meza ya tatu kutoka mbele, mzee mmoja alikuwa ameinua fimbo.

"Samahani, mwanangu. Hao mbwa mwitu ni wa wapi?"

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, ndiyo kazi yenyewe. "Wa huko Ulaya, mzee. Kwenye baridi."

"Aa," akasema, akaishusha fimbo. "Maana wa kwetu hawatembei hivyo."

Basi. Akarudi kwenye mfupa wake.

Ni wiki ya tano hii, na sentensi ile bado iko na mimi bafuni, kwenye daladala, kila mahali.

Miaka saba ya hadithi moja

Kwa wasionijua, mimi ni mshereheshaji. Send-off, harusi, kipaimara, kuaga mastaafu, uzinduzi wa saccos, popote penye viti vya plastiki na kitambaa cha satini utanikuta. Hadithi ya mbwa mwitu nilitumiwa na mtu kwenye grupu la kwaya, pamoja na picha yake, na tangu siku hiyo imenilisha. Nimeisema kwa miaka saba. Mara moja niliisema hata kwenye arobaini ya msiba, na mjane akalia, na mimi nikajiona nimefanya jambo.

Sikuwahi kuitafuta ilikotoka. Niitafute ya nini? Ilikuwa inafanya kazi.

Ila mzee alikuwa ameuliza swali dogo kuliko yote, na jibu nililompa nililitunga palepale.

Jina moja, wanyama wawili

Usiku ule nikagundua kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Yule wa kwenye Biblia anayejificha ndani ya mavazi ya kondoo ni mbwa mwitu. Yule wa hadithi za watoto anayepuliza nyumba ya nguruwe ni mbwa mwitu. Na yule wa madoa, wa mbugani, naye ni mbwa mwitu. Vijana wa mapanga kule Dar es Salaam waliposumbua watu, wakaitwa jina hilohilo, na hakuna aliyeuliza ni yupi kati ya hao.

Nadhani waliotafsiri Maandiko walihitaji jina la mnyama ambaye huku hatukuwa naye, wakamwazima wa jirani. Tangu hapo wa kwetu anabeba dhambi za mgeni.

Kumbe ni wanyama wawili kabisa. Yule wa kaskazini ni mzito, dume likinenepa linafika kilo 50, manyoya kama blanketi, na akiita analia mlio mrefu unaosikika kilomita nyingi. Wa kwetu ni mwembamba, miguu mirefu, masikio ya duara kama vifuniko vya sufuria, ncha ya mkia nyeupe, na mwili wa rangi nyeusi, njano na nyeupe zilizomwagwa ovyo, ambazo hazifanani kati ya mmoja na mwingine. Miguu yake yote ina vidole vinne, wakati ya mbele ya mwenzake wa kaskazini ina vitano. Mbwa wako wa nyumbani anaweza kuzaa na yule wa theluji. Na huyu wa kwetu hawezi.

Kwa hiyo sentensi ya mzee ilikuwa na maana ambayo sikuisikia. Alikuwa anawafahamu.

Lamadi

Namba yake nilipewa na binti wa mwalimu. Jumanne nikapanda basi la Musoma, nikashuka Lamadi, nikatembea kwa miguu hadi kwake. Ni pale ambapo ukisimama barabarani ziwa liko upande mmoja na Serengeti upande wa pili; geti la Ndabaka halipo mbali, na ule mkono wa magharibi wa hifadhi unakuja karibu kugusa maji ya Ghuba ya Speke.

"Mwadila, guku," nikamsalimia kwa Kisukuma, yaani babu.

"Mwadila. Karibu. Wewe si yule mwenye picha?"

Nikakiri kuwa ndiye mimi. Mke wake akaniletea kiti na viazi vitamu. Nikamwomba msamaha kwa kuwaacha watu wamcheke, akapunga mkono kama anafukuza nzi. Kisha nikamuuliza: wa kwenu wanatembeaje?

Hakujibu haraka. Alikuwa anamenya kiazi kwa kucha ya kidole gumba, taratibu, ganda likitoka refu bila kukatika, kama mtu anayevua soksi. Alipomaliza akanipa mimi, akaanza kumenya kingine.

"Tulikuwa tunachunga upande ule, kabla sijaoa. Asubuhi ukisikia ndege wengi wanalia, na mahali hapana mti, ujue ni wao."

Nilidhani sikusikia vizuri. Ndege?

"Ndege. Hawabweki wale. Wanalialia kama chiriku." Akatoa sauti kooni, nyembamba, ya harakaharaka, na kuku uani wakainua shingo.

Akaniambia walivyokuwa wakirudi kutoka mawindoni matumbo yamejaa, watoto wanatoka shimoni mbio, wanawalamba wakubwa midomoni, na wakubwa wanatapika nyama wawape. Hata aliyebaki kulinda watoto anapewa. Kulikuwa na mmoja mguu umevunjika, hakuwinda msimu mzima. Alikuwa anafuata nyuma kwa miguu mitatu, anafika wenzake wameshaua, na bado anakula. Na kwenye mzoga, wadogo ndio wanaotangulia. Wakubwa wanasimama pembeni, wanasubiri.

Nikajikuta nasogeza kiti. Hii ilikuwa hadithi yangu! Ile ya wagonjwa na wazee, ya kutoachwa mtu. Nilikuwa naisema miaka yote juu ya mnyama asiye wake, na picha ambayo siyo.

"Na kiongozi?" nikauliza. "Anakaa wapi?"

"Kiongozi wa nini?" Alinitazama kama nimemuuliza meneja wa mji wake ni nani. "Ni baba na mama, na watoto, na baba wadogo."

Baadaye nilisoma na kukuta alikuwa hajakosea. Katika kundi la mbwa mwitu wetu, kwa kawaida jozi moja ndiyo inayozaa, na madume wengine wazima huwa ni ndugu za baba. Wanalea watoto wa kaka yao. Nilisoma pia kwamba wa Botswana, wakiwa wamelala na mmoja akataka waondoke kuwinda, wanapiga chafya. Chafya zikitosha, msafara unaanza. Mkubwa akiwa ndiye aliyeanzisha, chafya kama tatu tu zinatosha. Akianzisha mdogo, zinahitajika kama kumi. Nimekaa kwenye vikao vya harusi vingi, na nakuhakikishia hesabu hiyo naijua.

Walivyoondoka

"Halafu wakaisha," mzee akasema.

Hakusema zaidi, na mimi sikumsukuma. Zamani katika hifadhi nyingi za Afrika wenye bunduki walikuwa maaskari wenyewe: mbwa mwitu alihesabiwa mharibifu, anauawa akionekana. Kisha magonjwa. Mwaka 1991 makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti Serengeti yalitoweka, na wataalamu walibishana miaka mingi kuhusu sababu. Kichaa cha mbwa kikiwa miongoni mwa watuhumiwa. Miaka mitatu baadaye, 1994, ugonjwa mwingine wa mbwa uliingia kwa simba na kuua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mwaka 2012 serikali ilianza kuhamisha makundi ya mbwa mwitu kutoka Loliondo na kuyaachia magharibi mwa hifadhi, huku kwetu.

Mzee ana mbwa wawili, majike, wa kawaida kabisa. Kadi zao za chanjo amezichomeka kati ya boriti na bati, juu ya mlango. Alinyanyuka kunionyesha bila kuombwa.

Picha yenyewe

Niliporudi Mwanza ndipo nilipoitafuta picha. Iliniuma.

Ilipigwa na Chadden Hunter, mpiga picha wa wanyama, wakati wa kutengeneza vipindi vya BBC vilivyotoka mwaka 2011. Mahali ni hifadhi ya Wood Buffalo, Kanada. Hata "Ulaya" niliyomjibu mzee haikuwa kweli. Kundi lina mbwa mwitu 25, liko mawindoni kufuata nyati wa kule, baridi inafika nyuzi 40 chini ya sifuri. Maneno ya wazee na wagonjwa yalibandikwa na mtu mtandaoni miaka kadhaa baadaye, mwishoni mwa 2015 yakasambaa dunia nzima, yakafika grupu la kwaya, yakafika kwangu.

Anayetembea mbele ni jike mzazi, mwenye nguvu zake. Theluji ni nene, na wa kwanza ndiye anayeikata kwa kifua. Wengine wanaweka miguu kwenye nyayo zake ili wasichoke. Ukishapita njia ya Kisesa ndani ya masika, gari limekwama na mnatembea kwenye tope, unajua: kila mtu anatafuta shimo la mguu wa aliyetangulia. Ukimtanguliza mgonjwa kwenye theluji ile, hamfiki.

Na wa mwisho?

Wa mwisho ndiye anayetembea kwenye njia laini kuliko wote. Imeshakanyagwa mara 24.

Hapo ndipo niliposimama, nikaenda nje kukaa kwenye jiwe. (Nyumba zetu za Bugarika zote zina jiwe la kukalia, hiyo ndiyo faida pekee.) Miaka saba nimekuwa nikiwageukia wakurugenzi, wenyeviti, maaskofu, mabosi wa viwanda vya samaki, nikawaambia mbele ya watu wao: wewe ndiye yule wa nyuma anayetulinda. Wakatabasamu. Wakaniongezea bahasha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kubisha. Ilipaswa kunishtua kwamba hakuna aliyebisha.

Neno lililomshinda mwenyewe

Kuna mtu mmoja ambaye nimekuwa nikimfikiria sana. Anaitwa David Mech, Mmarekani. Alianza kusoma mbwa mwitu mwaka 1958 kwenye Isle Royale, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Superior, ziwa pekee la maji baridi linalolizidi letu kwa eneo. Mtu wa Ukerewe angejisikia nyumbani, ukiondoa barafu.

Huko aliona kwanza kwamba mbwa mwitu ni mwindaji anayeshindwa. Chakula chao ni musi, mnyama mwenye mapembe mapana kama sinia na uzito wa fahali. Mech aliwaona mbwa mwitu wakiwakabili musi 77. Waliwaua 6. Waliobaki walisimama wakapiga mateke, au walikimbia, na mbwa mwitu wakaacha. Hawana kiburi cha kung'ang'ania. Teke moja la musi linavunja fuvu. Wanajaribu, wanaacha, wanajaribu kwa mwingine, wanalala njaa, na siku wakipata, mmoja wao anaweza kula kilo 9 kwa mkupuo. Mvuvi wa dagaa anaelewa maisha ya namna hiyo bila kuelezwa.

Mwaka 1970 aliandika kitabu kikubwa, na ndani yake akalirithi neno la waliomtangulia: alfa, yaani mbabe anayetawala kundi. Lilitokana hasa na utafiti wa Rudolf Schenkel, uliochapishwa 1947, wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Hao walipigana, mmoja akawa juu, mwingine chini. Neno likatoka humo, likaenda kwa wafanyabiashara, kwa wahamasishaji, na sasa liko kwenye wasifu wa Instagram wa kijana wa Nyegezi anayeuza viatu.

Ila kufungia wanyama wasiojuana kizimbani na kusema hii ndiyo familia yao ni sawa na kukaa wiki moja mahabusu, ukatoka na kutangaza kuwa umejifunza ukoo wa Wasukuma.

Kuanzia 1986 Mech alikwenda kila kiangazi kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini ya mbali ya Kanada, ambako mbwa mwitu hawajawahi kuwindwa sana na hawamwogopi mtu. Alikaa karibu na shimo lao. Aliona baba, mama, na watoto wa miaka tofauti. Basi. Wakubwa wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Hawakushinda pambano lolote; walikutana, wakazaa. Mwaka 1999 aliandika waziwazi kuwa alfa si neno la kuwaelezea. Akamwomba mchapishaji aache kukichapa kile kitabu cha 1970, na iliwachukua miaka mingi kumsikiliza.

Yeye alikuwa na mchapishaji wa kumwandikia barua. Mimi niwaandikie nani? Watu wa ukumbi wa Igoma walishakwenda nyumbani. Yule mjane wa arobaini anaishi Geita, na labda usiku mgumu bado anamwona marehemu akitembea nyuma ya mstari, anawaangalia. Nimeandika ujumbe wa kumweleza mara mbili, nikaufuta mara mbili.

Anayeondoka

Kwa nini kundi halijai watoto mpaka wauane? Kwa sababu wanaondoka. Mtoto wa mbwa mwitu akifika umri wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, siku moja anainuka na kwenda. Hafukuzwi lazima, hajakosana na mtu. Anakwenda kutafuta eneo lisilo na mwenyewe na mwenzi wa kuanza naye. Wengi wanafia njiani, kwa magari, kwa risasi, kwa meno ya makundi mengine.

Vijana wanaoweka picha ya mbwa mwitu mmoja gizani na maneno ya "sihitaji mtu" wangejua. Yule hajakataa watu. Anatafuta mchumba.

Baba yangu alinyamaza miezi minne nilipoondoka Magu kuja mjini na begi moja. Alisema nimeuacha mji. Sijui kama ningekuwa na ya kumjibu leo.

Niliyempenda kuliko wote anaitwa Slavc. Watafiti wa Slovenia walimvalisha kola ya kumfuatilia Julai 2011. Desemba akaondoka kwao. Akapita Austria katikati ya majira ya baridi, akavuka milima ya Alps, barabara kuu, mito, zaidi ya kilomita 1,000, hadi milima ya Lessinia, kaskazini mwa Verona, Italia. Kule hapakuwa na kundi la mbwa mwitu kwa zaidi ya miaka 100. Machi 2012, katika nchi ile yote tupu, akamkuta jike mmoja, naye yuko peke yake. Watu wakamwita Giulietta. Mwaka uliofuata wakapata watoto.

Bweha

Nilipokuwa karibu kumaliza kusoma nikakutana na kitu kilichonifanya nimpigie mzee saa tatu usiku.

Mwaka 2015 wanasayansi walipima vinasaba vya bweha wa dhahabu, yule mdogo wa rangi ya majani makavu anayeonekana kwenye tambarare za Serengeti. Siku zote alihesabiwa mnyama mmoja na bweha wa dhahabu wa Asia na Ulaya. Kumbe wametengana zaidi ya miaka milioni moja, na huyu wa Afrika yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kaskazini kuliko na yule waliyefananishwa naye. Sasa anahesabiwa mbwa mwitu. Ana kilo 10 hivi, anakaa na mwenzi mmoja, na watoto wakubwa hubaki nyumbani kusaidia kulea wadogo.

"Guku," nikasema, "uliniuliza ni wa wapi. Wapo hapahapa. Bweha!"

Kimya kwenye simu.

"Bweha? Huyuhuyu mwizi wa kuku?"

"Huyohuyo."

Alicheka mpaka akakohoa, nikasikia mkewe anamuuliza kuna nini, akamweleza kwa Kisukuma, naye akaanza.

Maiki tena

Jumamosi iliyopita nilikuwa na send-off Usagara. Picha ya theluji nilishaifuta kwenye flashi. Niliisema ya Slavc badala yake, bila picha, na niliisema vibaya, maana bado sijaizoea. Niliitaja Austria mara mbili na nikasahau mito. Ila nilipofika pale wanapoonana mlimani, wawili tu, ukumbi ulikuwa umetulia kiasi kwamba friji la vinywaji lilisikika.

Ndipo mama mmoja wa meza ya nyuma, shangazi wa bibi harusi, nguo ya kitenge na sauti ya sokoni, akauliza:

"Na mahari alipeleka nani?"

Nikatazama maiki. Bwana harusi naye alikuwa anasubiri jibu.